Riwaya za likizo: ipi umpendekezee mwenzako wa kazini, na kwa nini

Likizo ikikaribia, iwe ya Desemba au ya katikati ya mwaka, hatakosekana mtu wa kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: "Jamani, nisome nini?" Majibu humiminika. Robo saa haijaisha, majina kumi yameshatajwa, na karibu yote ni ya vitabu ambavyo mjibuji alivipenda yeye. Hapo ndipo pendekezo linapoharibika. Riwaya nzuri ikimfikia asiye msomaji wake hurudi baada ya mwezi ikiwa na kipande cha tiketi ya basi ukurasa wa 22, na aliyeiazima hukwepa macho yako kantini.

Ulinganisho huu unahusu riwaya za Kiswahili zinazotajwa mara nyingi katika maongezi ya namna hiyo, pamoja na chache zinazostahili kutajwa zaidi. Swali letu si ipi bora kuliko ipi. Ni nani ataimaliza, akiwa wapi, na nini kitamkwamisha.

Anza na hesabu

Mwambie mwenzako asome riwaya yoyote kwa dakika kumi, ahesabu kurasa, azidishe kwa sita. Wengi huangukia kati ya kurasa 25 na 35 kwa saa. Kisha muulize atakuwa na muda gani kwa siku, na usikubali jibu la kwanza. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, ya Kenya siku 21 za kazi, lakini aliye likizoni nyumbani na watoto waliofunga shule hapati zaidi ya nusu saa ya utulivu. Nusu saa ni kurasa 15. Kwa mwendo huo riwaya ya kurasa 250 itamchukua siku 17, yaani zaidi ya nusu ya likizo. Anayesafiri Dar es Salaam hadi Mwanza kwa basi anaweza kuimaliza riwaya hiyohiyo safari ya kwenda na kurudi, kama hatapiki akisoma ndani ya gari.

Swali la pili ni la shule: alifanya mtihani mwaka gani, na wapi? Kitabu alichosoma mtu kwa ajili ya maswali ya "jadili dhamira tano" hakisomeki tena kwa raha mpaka miaka mingi ipite. Mkenya aliyefanya KCSE kati ya 2013 na 2017 ameshamalizana na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Aliyemfuata, hadi 2022, alikuwa na Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Mtanzania aliyesoma Kiswahili kidato cha tano na sita huenda bado anaota wahusika wa Vuta n'kuvute. Usimpe hivyo. Mpe kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo, ndiyo njia fupi ya kumrudisha.

Upelelezi: Bwana Msa, Willy Gamba au Joram Kiango

Kwa mtu ambaye hajagusa riwaya tangu aache shule, anzia hapa. Ila wapelelezi hawa watatu hawafanani hata kidogo, na kumpa mtu asiye wake ni kosa la kawaida sana.

| | Bwana Msa | Willy Gamba | Joram Kiango |
|---|---|---|---|
| Mwandishi | Muhammed Said Abdulla | A. E. Musiba | Ben Mtobwa |
| Cha kuanzia | Mzimu wa Watu wa Kale (1960) | Kufa na Kupona (1974) | Tutarudi na Roho Zetu |
| Kazi yake | Mtu binafsi mwenye kiko na akili | Jasusi wa serikali | Mpelelezi wa kujitegemea |
| Mwendo | Taratibu, maongezi mengi | Mbio, risasi, ndege | Mbio, na ucheshi ndani yake |
| Kiswahili | Cha Unguja, kimejaa misemo | Chepesi, cha moja kwa moja | Chepesi, chenye madaha |
| Kinachokwamisha | Sura za mwanzo | Mapigano yanayojirudia | Kupata nakala |

Bwana Msa ni wa kusomwa kibarazani. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957/58 kabla ya kuchapishwa, na mpaka leo fumbo lake linakaza. Wahakiki wamemlinganisha Msa na Sherlock Holmes, na ni kweli ana rafiki wa kumsindikiza na kumshangaa, Najum, na polisi wa kumtangulia kukosea, Inspekta Seif. Utamu wenyewe hata hivyo umo katika watu kusemeshana: adabu, kejeli, mafumbo ya Kiunguja. Msomaji asiyezoea Kiswahili hicho hukata tamaa ndani ya kurasa 30 za kwanza akidhani hadithi haijaanza. Mwambie mapema kwamba maongezi yale ndiyo ushahidi. Akivuka sura ya tatu haachi.

Willy Gamba ni kinyume chake. Kufa na Kupona inaanza na nyaraka za harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika kuibwa, Gamba anatumwa Nairobi, na kuanzia hapo hakuna pumzi. Inasomeka stendi, uwanja wa ndege, popote penye kelele, maana ukikatizwa unarudi palepale bila kupoteza uzi. Kikosi cha Kisasi inampeleka Kinshasa na kuna wanaoiona bora zaidi. Kasoro inajulikana: wanawake wengi wa Musiba ni warembo kwanza na watu baadaye, na msomaji wa leo ataliona hilo mara moja. Musiba vilevile ni wa kusoma kimoja kimoja, kwa nafasi. Vitatu mfululizo na ngumi zote zinaanza kufanana.

Mtobwa yuko katikati. Joram Kiango ana majivuno, ana mzaha, na ana Nuru, ambaye si pambo bali mwenzake wa kazi. Angalizo moja kwa anayenunua: Dar es Salaam Usiku ni ya Mtobwa lakini si ya Joram Kiango. Ni riwaya ya maisha ya jiji usiku, nzuri kwa njia yake, ila aliyetarajia upelelezi ataona amedanganywa.

Kwa mwenzako kijana atakayesema hizi zote ni za wazee, kuna Hussein Tuwa. Mkimbizi ina kasi ya Musiba na ujenzi wa fumbo ulio makini zaidi. Asianze na Mfadhili kama aliisoma shuleni.

Pwani: Vuta n'kuvute, Utengano, Nyota ya Rehema

Riwaya hizi tatu hupendekezwa kana kwamba ni moja, kwa kuwa zote zina msichana anayekimbia nyumba aliyowekwa na zote zimetoka kwa waandishi wa Zanzibar. Kumbe kinachompata msomaji ni tofauti kabisa.

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, ndiyo ya likizo hasa. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Raza mwenye miaka 52. Anatoroka, anapokewa na Mwajuma katika mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, anakutana na Denge aliyejitosa katika siasa za kupinga ukoloni. Mambo ni mazito lakini kitabu chenyewe ni chepesi mkononi: taarabu, mitaa, vicheko, kufukuzana na polisi. Mwajuma peke yake anatosha kumfanya mtu aache simu. Ina kurasa kati ya 250 na 300 kutegemea toleo, na sura zake zinamalizikia mahali pa kukuvuta uendelee. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 imetokana nayo. Aliyeiona filamu asome kitabu vilevile, kwani mengi ya Mwajuma na ya mtaani yamo kitabuni tu.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) si ya ufukweni. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mwanasiasa mwenye nyuso mbili. Akitoka, anatumbukia pabaya. Mwandishi hapambi kitu. Kinachomshikilia msomaji ni Kazija na hesabu anazotaka kuzifunga na Maksuudi, na mtego wake ni miongoni mwa sehemu zilizosukwa vizuri kuliko zote katika riwaya ya Kiswahili. Mpendekezee mtu anayependa kukasirika anaposoma. Wapo, na ni wasomaji wazuri. Wakenya wengi wa rika fulani waliisoma kwa mtihani, kwa hiyo uliza kwanza.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) ina Kiswahili kizuri kuliko zote mbili, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayoachwa njiani mara nyingi zaidi. Rehema ni binti wa Fuad, mwenye mashamba. Anatengwa na haki yake, anapita mjini kwa shida, na anapata utu kwa Sulubu, mkulima. Sura za kwanza zinatembea polepole, zimejaa shamba, mvua, miti na rangi za ngozi ambazo katika familia ile zinaamua nani ni nani. Usimpe mtu wa basi. Mpe anayekwenda kijijini wiki mbili na mtandao ni wa kuomba. Kwa hapa tuna upendeleo na hatuufichi: ukiulizwa riwaya moja ya kumwonyesha mtu anayedai Kiswahili hakina nathari nzito, taja hii.

Aliyeshasoma Vuta n'kuvute shuleni ahamie Kuli, ya Adam Shafi huyohuyo, kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Katika ofisi zenye chama cha wafanyakazi huzua mjadala mrefu.

Nyembamba haina maana ya rahisi

"Nipe kitu kifupi" ni ombi linalowaponza wengi. Kusadikika ya Shaaban Robert na Nagona ya Euphrase Kezilahabi zote hazifiki kurasa 100, na zikiwa rafuni zinaonekana za mchana mmoja.

Kusadikika (1951) ni kesi mahakamani. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha watu sheria, na anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na jambo la manufaa akaishia kifungoni. Mpangilio unajirudia kwa makusudi. Akisoma yote kwa pamoja atachoka kwenye mjumbe wa tatu. Akisoma mjumbe mmoja kwa jioni, inamtosha wiki moja na inampa la kuongea mezani. Kiswahili chake ni cha sentensi ndefu zenye mizani. Kinasomeka vizuri zaidi kwa sauti.

Nagona (1990) haina ngazi ya kushikia. Hakuna mtiririko wa kawaida wa matukio. Kuna ndoto, mafumbo, wanafalsafa, mahali pasipo na ramani. Ni kazi kubwa na isipendekezwe kwa mtu ambaye hajasoma Kezilahabi mwingine. Njia ya kufika huko ni Rosa Mistika (1971), kisha Kichwamaji (1974) au Dunia Uwanja wa Fujo (1975), halafu ndipo Nagona, na Mzingile (1991) inayoifuata.

Hata hivyo Rosa Mistika inahitaji onyo la wazi, si la kumung'unya. Iliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu ya namna inavyoongelea ngono, na ndani yake zimo mimba, utoaji mimba na kujiua. Ni riwaya fupi, inasomeka haraka, imekaa Ukerewe na vyuoni, na swali lake kuhusu baba mkali anayemfungia binti halijapitwa. Ila mwenzako aliyetoka msibani hivi karibuni usimpe hiyo wala Kichwamaji. Mpe Siku Njema.

Siku Njema ya Ken Walibora (1996) inaweza kusimama mkabala na Rosa Mistika: mmoja anamkimbia baba, mwingine anamtafuta. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa Tanga, anafunga safari kwenda Kenya kumsaka baba asiyemjua. Msamiati wake ni wa kupindukia mahali pengine, mwandishi kijana akionyesha ghala lake lote, lakini moyo wa hadithi uko wazi na mwisho unaridhisha. Kati ya vitabu vyote vya hapa, hiki ndicho kisicho na hatari kumpa mtu usiyemjua vizuri, kwa mfano mfanyakazi mgeni au bosi.

Nene: Myombekere

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali ya Aniceti Kitereza inazidi kurasa 600. Kitereza aliiandika kwa Kikerewe, akaikamilisha 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980 kwa tafsiri yake mwenyewe, na yeye akafariki 1981. Inahusu mume na mke wasiopata mtoto, katika Ukerewe ya kabla ya ukoloni. Wakwe wanamchukua binti yao, mume anakwenda kumgomboa kwa mitungi ya pombe ya ndizi, na ndoa inashikilia pale ambapo jamii nzima ilitarajia ivunjike.

Haraka haimo. Kila shughuli, kuanzia kupika hadi kuvua, kutibu na kusalimiana, inaelezwa hatua kwa hatua. Anayetafuta kisa atalalamika. Anayependa kujua watu waliishije hatataka iishe. Kwa kurasa 15 kwa siku ni zaidi ya siku 40, kwa hiyo likizo moja haitoshi. Mshauri alenge nusu ya kwanza, habari za mume na mke. Nusu ya watoto inaweza kungoja likizo ijayo bila hasara. Ajabu nyingine ni kwamba kisiwa hichohicho ndicho kilichomtoa Kezilahabi. Anayevuka kwa feri kutoka Mwanza kwenda Nansio na kitabu cha mmojawapo mkobani amepanga likizo yake vizuri.

Kwa anayesema "mimi riwaya hapana"

Mtu huyu yumo katika kila idara, mara nyingi uhasibu. Usibishane naye. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ni mfupi na ni maisha ya kweli ya mwimbaji wa taarabu aliyetoka ufukara wa shamba akafika kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi (2013) ni ndefu zaidi na ni safari ya kijana kutoka Zanzibar anayepanda nchi baada ya nchi kuelekea kaskazini bila fedha za kutosha wala hati za kuaminika. Wa kwanza ni wa kusoma kwa heshima, wa pili ni wa kucheka na kuhema. Kwa likizo, wa pili.

Upande wa tafsiri, wawili hushindana: Shujaa Okonkwo, yaani Things Fall Apart ya Chinua Achebe kwa Kiswahili, na Peponi ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Aliyesoma Achebe kwa Kiingereza shuleni atajikuta analinganisha kila ukurasa. Peponi haina tatizo hilo kwa wengi, na mazungumzo ya wafanyabiashara wa pwani na misafara yao yanakaa katika Kiswahili kana kwamba yalizaliwa humo.

Nakala: mahali pa kukosea

Kosa linaloongoza ni kununua mwongozo badala ya riwaya. Miongozo ya wanafunzi huwa na jina la riwaya kwa herufi kubwa na neno "mwongozo" kwa herufi ndogo, na muuza vitabu wa kando ya barabara hatakurekebisha. Fungua ukurasa wa tano: ukikuta "dhamira", "wahusika" na "mbinu za kisanaa" vikiwa vichwa vya habari, rudisha.

La pili ni fotokopi iliyofungwa kama kitabu. Mbali na kumnyima mwandishi haki yake, hukosa kurasa, mara nyingi mbili mbili pale karatasi zilipopita pamoja kwenye mashine. Kagua namba za kurasa kumi za katikati na kumi za mwisho kabla ya kulipa. Katika riwaya ya upelelezi ukurasa mmoja wa mwisho ukikosekana, umenunua karatasi.

La tatu ni kungoja wiki ya mwisho. Vuta n'kuvute, Peponi na Siku Njema huulizika madukani. Musiba na Mtobwa wa zamani, Nyota ya Rehema na hasa Myombekere ni za kuwinda kwa wauza mitumba, maktaba na makabati ya wenzako. Anza mwezi mmoja kabla. Tuma picha ya jalada unalotafuta, si jina tu, na taja mwandishi, kwa sababu majina kama Kiu au Njama husikika nusu kwenye simu na utaletewa kingine.

Ukipendekeza kwenye kundi, sentensi tatu zinatosha: inahusu nani na yuko taabani kivipi, ina kurasa ngapi, na inamkwamisha msomaji wapi. "Ni nzuri sana, utaipenda" haimsaidii mtu kuchagua. Usitaje kabisa Kazija anafanya nini, wala nani muuaji kwa Bwana Msa. Na ukiazima nakala isiyopatikana tena, andika jina lako kwa wino ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, maana majalada ya matoleo hayo hutangulia kung'oka, kisha piga picha ya mwenzako akiwa amekishika na uiache kwenye kundi hadi kitakaporudi.